Leso Niliyoifunga Mimi

Shoga yangu Zuhura,

Jana alasiri dada yako Mwanaidi alikuja kwangu hapa Mtopanga kuniomba picha yako. Arobaini yako imepita, hitma imesomwa, na nyumbani kwenu imebaki ile moja tu ya kitambulisho, uliyogeuza shingo mpaka mpiga picha akakugombeza. Alikuwa na hakika kwamba mimi, niliyezunguka nawe kwenye arusi miaka kumi na mitatu kuchora hina, sikosi kanda ya video yenye sura yako. Nikamwambia akae, nitafute. Nilipokuwa nikisema hivyo nilijua kwamba haipo.

Hata hivyo nilizitoa kanda zote kabatini, nikazitia kwenye deki moja baada ya nyingine. Ya Rabbi, nilijichoka! Kila kanda ni mimi. Amina anacheka, Amina anainua mkono wa bibi arusi auonyeshe kamera, Amina anapuliziwa marashi na kuambiwa mashallah. Asiyejua angeapa kwamba mimi ndiye niliyechora. Na wewe wajua kwamba jani pekee nililowahi kuchora lilitoka kama mchicha ulioliwa na wadudu. Ulilicheka wiki nzima.

"Wewe kazi yako kucheka," ulikuwa ukiniambia. "Cheka, nami nichore."

Tulianza hivyo, kwa utani, tulipotoka shule. Wewe ulikuwa na mkono, mimi nilikuwa na uso. Yale mafuta ya mahamri yaliyokumwagikia utotoni yalikuachia kovu kutoka shavuni hadi shingoni, likakuvuta mdomo upande, hata ukicheka mtu asiyekujua alidhani unamdharau. Wewe, uliyekuwa ukitokwa na machozi mtoto wa jirani akichapwa! Watu walikutazama mara moja wakasema huyu ana roho mbaya. Nami, kwa kuwa ngozi yangu ni nyeupe kidogo na meno yangu yamepangika, nikahesabiwa kuwa mwema, mwerevu na msafi. Mwenye duka alinizidishia sukari, mwalimu alinisamehe makosa. Sikufanya lolote la kustahili hayo, wala sikuwahi kujiuliza yanatoka wapi.

Kwenye arusi yetu ya kwanza, mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, mama yake bibi arusi aliuliza fundi ni nani, na huku keshanishika mkono mimi. Nilicheka tu. Nawe ulicheka, na tulipokuwa tukirudi ukaniigiza nilivyolegeza shingo. Mpaka leo sijui kama ulicheka kwa kufurahi au kwa kunisitiri.

Ile ya Changamwe haikuwa ya kucheka. Unaikumbuka nyumba ile, baba mtu wakala wa kutoa mizigo pale bandarini Kipevu, vyumba vya marumaru, na binti mmoja wa nyumbani akizunguka na kamera ya video begani. Shangazi yake bibi arusi alinivuta kando.

"Huyu shoga yako simtaki mbele ya mwari," akaniambia. "Akimtazama sana huyu, ataingia kwa mumewe na kisirani. Na akae uani."

Ningeweza kumwambia: yeye ndiye fundi. Maneno matatu tu, Zuhura. Ningeweza kubeba bakuli la hina tukaondoka. Badala yake nilifungua leso yangu kiunoni, ile ya zambarau, nikaifunga kutoka komeo la mlango hadi nondo ya dirisha. Bibi arusi akae upande huu, wewe upande ule, aipitishe mikono chini ya leso, umchore bila ya kuonana. Shangazi hakuniomba leso. Wazo lilikuwa langu, na wallahi nilijiona nina akili sana.

Nilipokunong'oneza, uliitazama leso, kisha ukanitazama mimi.

"Haya," ukasema. "Lakini kaza fundo, isije ikaniangukia kichwani nikafa na hina yangu mkononi."

Nikaichukua kuwa ni ruhusa. Nikakaa mbele ya bibi arusi, mbele ya kamera, nikaanza kutoa amri kwa sauti: hapo tia ua, pale telemsha shina. Na ua ulikuwa umeshalitia. Wanawake walinisifu mimi, na wewe nyuma ya leso wakakuita msaidizi wa Amina.

Baada ya siku ile leso ikaingia kapuni pamoja na hina, ndimu na vijiti vya kuchorea. Hatukungoja tena kuambiwa. Tukifika tu, nafunga. Na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba katika nyumba nyingi tulizoingia hakuna aliyekukataa. Nilikukataa mimi kabla hawajakuona.

Uliniomba jambo moja tu katika miaka yote ile. Ulikuwa ukiosha bakuli bombani, umenipa mgongo.

"Amina, siku moja ivute hiyo leso. Nataka nimuone bibi arusi uso wake anapoiona mikono yake."

Nikakujibu: "Safari ijayo, inshallah." Safari zilikuja nyingi. Kila mara kulikuwa na sababu, mara kamera, mara mama mkwe, mara haraka. Kisha ikaja homa ile ya siku nne, nikakukuta umeshafunikwa shuka.

Nikuambie na aibu yangu ya tangu hapo. Kina mama wanaendelea kuja kumtafuta fundi. Kwanza niliwaambia fundi amefariki, wakaniuliza, "Si ndiwe fundi?" Nikajifunga bendeji mkono wa kulia, mzima kabisa, nikawaambia nimeteguka kifundo. Wananipa pole, Zuhura. Wengine wananiletea mafuta ya kujichua.

Basi jana, kanda ya mwisho ilikuwa ni hiyo ya Changamwe. Mwanaidi alikuwa ameketi kando yangu na kikombe cha chai. Mara, chini ya leso, ukatokea mkono wenye kijiti na ile pete yako ya fedha iliyopinda. Mwanaidi alisogea mpaka kwenye televisheni, akaweka kidole juu ya kioo.

"Huyu hapa," akasema.

Akatazama mpaka mkono uliporudi ndani. Kisha akaniuliza, bila ya kugeuka, "Na leso hii kaifunga nani?"

Nikamwambia ni mimi. Akaweka kikombe chini, akajitanda buibui lake, akatoka bila ya kuniaga. Simlaumu. Hata mimi, kama ningeweza kujikimbia mwenyewe jana, ningekimbia.

Bendeji nimeifungua asubuhi ya leo. Ijumaa kuna sherehe ya kupamba bibi arusi kule Ziwa la Ng'ombe, na nimealikwa. Bibi arusi akishapandishwa jukwaani na wanawake wote wamekaa, nitasimama nitaje jina lako na la baba yako. Nitawaambia kwamba mkono uliowachora binti zao ulikuwa wako, na kwamba leso niliifunga mimi. Wasiponiita tena, ni haki yao. Kisha nitampelekea Mwanaidi kanda ile, kama atanifungulia mlango. Naahidi, na safari hii sikuambii safari ijayo.

Kabla sijakuaga, nikupe lile ulilolitaka. Ulikuwa ukiniuliza tukirudi, "Kafanya uso gani?" Nami nikikujibu, "Kafurahi," nikaendelea na hadithi za nilivyosifiwa. Jana, baada ya Mwanaidi kuondoka, nilimtazama vizuri yule wa Changamwe kwa ajili yako. Hina ilipokwanguliwa akapakwa mafuta, hakucheka. Alivifungua viganja akavitazama, mdomo wazi kama mtoto. Akaigeuza mikono, akaigeuza tena. Kisha akainua macho. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake pale, nimeshaweka tabasamu langu tayari. Hakunitazama, Zuhura. Aliitazama leso.

Mungu akupe nuru huko uliko, shoga yangu. Nisamehe ukiweza.

Wako,
Amina