Muziki Aliouacha Gwakisa

Likunja, 4 Juni 2005

Mwanangu Doreen,

Pokea salamu. Mimi mzima, magoti yanauma lakini yananiogopa. Wewe na kompyuta zako huko Nachingwea hamjambo?

Nimeonewa. Karani Gwakisa kahamishwa, kaacha muziki ndani ya kompyuta kubwa ya chama chetu cha ufuta. Kila asubuhi nikiwasha jenereta, programu iitwayo "muziki" inaamka yenyewe, dansi linalia kwenye spika ya paani, bei za ufuta hazitangaziki. Kwa kuwa ufunguo wa chumba cha kompyuta ninao mimi, mwenyekiti Seifu anasema mzee Dastani anajichezesha uzeeni. Mimi, niliyeifunga jenereta ile yeye hajaota ndevu. Sasa anataka ufunguo.

Nipe dawa, kwa maandishi makubwa. Neno la siri Gwakisa aliniachia. Usimwambie mtu nimekuuliza, hapa fundi ni mimi.

Baba yako

Nachingwea, 7 Juni

Shikamoo Baba. Mimi sijambo, pole na magoti.

Andika mstari huu, ubonyeze kitufe cha kuingiza:

service muziki stop

Kisha huu:

chkconfig muziki off

Wa kwanza unaizima leo. Wa pili unaikataza kuamka kompyuta ikiwashwa tena. Usiuruke.

Mwanao Doreen

Likunja, 12 Juni

Doreen,

Marahaba. Mimi siyo mzima, nimedhalilishwa.

Mstari wa kwanza ukainyamazisha. Wa pili nikauacha, mimi nyoka simuui mara mbili. Nikawatangazia watu nimeimaliza, na jenereta sikuizima, programu isije ikapata mwanya wa kuamka. Mafuta yakaisha. Nikajaza, nikawasha, dansi likaanza watu wamo kwenye hitima ya mama yake Seifu. Kaja na kanzu yake, kanyoosha mkono. Nimemwambia ufunguo Ijumaa.

Huko mnafundishwa nini?

Baba yako

Nachingwea, 14 Juni

Shikamoo Baba. Mpe pole mwenyekiti.

Ule mkorosho wa Mandawa uliukata shina, kisiki ukakiacha. Mvua iliponyesha ulikuta nini? Mstari wa pili ndio kisiki.

Mwanao Doreen

Likunja, 18 Juni

Doreen,

Marahaba. Mambo ya mkorosho hukuwa na haja ya kunikumbusha.

Jana nimeandika mstari wa pili, Seifu kasimama mlangoni na watu nyuma yake. Nikazima jenereta, nikawasha. Kimya. Akasema mzee kabahatisha, zima tena. Nikazima, nikawasha. Karani mpya akatangaza bei ya ufuta, ikasikika mpaka kisimani.

Seifu akauliza, "Nani kaiweza?"

Mdomo wangu unaujua. Lakini nikamwambia, "Kichwa ni cha Doreen, binti yangu. Changu kidole."

Ufunguo hakuuomba tena. Radhi pia hakuniomba, na hilo sijalisahau.

Baba yako, mwenye ufunguo