Breki Mpya za Nyar Asembo

Baba,

Nimezing'oa drami za breki za mbele za Nyar Asembo, pikapu yako. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla Mama hajakufikishia kwa njia yake, maana nakujua, ungenuna kwanza, halafu ungevua koti uingie chini ya gari kukagua. Tulia basi nikueleze.

Siku ile ya kugawana vitu vyako, Baba Mdogo alichukua redio na koti la mvua, wengine wakavutana viti. Pikapu hakuna aliyeitaka. Walisema tumezaliwa mwaka mmoja, mimi nayo, na hata jina lenyewe ulilompa, binti wa Asembo, kwa sababu ulimnunua huko, waliliona ni mzaha wa mzee. Wakanirushia ufunguo wakicheka. Basi sasa mimi ndiye ninayewabeba wale akina mama wa samaki kutoka Asembo Bay hadi sokoni Kisumu, siku zako zilezile. Wananiita "dereva" kwa kejeli kidogo, lakini wanapanda.

Mimi nakukumbuka kwa mguu, Baba. Ulinifundisha kuendesha kwenye murram, ile barabara ya udongo nyuma ya kanisa, na ukanifundisha kukanyaga breki mara mbili, ya kwanza ndogo kabisa, ya pili ndiyo ya kusimama. Nilipouliza kwa nini, ulisema, "Kanyaga kwanza, maswali baadaye." Hiyo baadaye haikufika. Uliugua, ukaenda, na mguu wangu ukabaki unafanya kitu ambacho kichwa changu hakikijui.

Halafu mvua ya masika ikaja. Nilikuwa natoka nyumbani Rarieda na Mama, na kabla ya Kisian maji yalikuwa yamekatiza barabara. Hayakuwa mengi, tukapita. Mbele kidogo mbuzi wakavuka. Nikakanyaga ile ndogo, nikakanyaga ya pili, na gari likavuta kushoto lenyewe mpaka kwenye nyasi, pua ikachungulia mtaroni. Hakuna aliyeumia, hata mbuzi. Lakini Mama alishuka, akachukua mkoba wake, akasimamisha bodaboda palepale kwenye mvua.

Tangu hapo akawa hapandi. Na kaburini kwako akawa hafiki. Alisema kwa mzee ataenda na gari ya mzee au haendi kabisa. Nikamwambia sawa, nitabadilisha breki. Hapo ndipo aliponimaliza: "Breki hiyo sipandi. Na kitu ya mzee usiguse." Wewe uliishi naye miaka hiyo yote, niambie, hapo mtu anafanya nini?

Nilienda kwa Fundi Mwangi, yule wa Manyatta aliyehamia kutoka Murang'a, mliyekuwa mkibishana naye kwa Kidholuo mpaka majirani wanafunga madirisha. Nilipomwambia habari ya kukanyaga mara mbili, alicheka kwa furaha ya mtu aliyesubiri ushindi. "Hiyo ni hewa kwa laini, madam! Mzee amekuwa akiendesha na hewa miaka yote, na nilimwambia!" Akatoa hewa. Hakukuwa na hewa. Akailaumu masta, ile inayosukuma mafuta ya breki. Masta nayo nzima. Breki zako zilishika kwa mkanyago mmoja tu. Fundi akajikuna kichwa, na mimi nikafurahi kwa niaba yako. Lakini swali langu likawa kubwa zaidi: kama gari halikuhitaji, ulikuwa unakanyaga ile ya kwanza ya nini?

Tukafungua drami. Sikuwahi kuona ndani yake. Ni sufuria iliyofunikwa, na vile vipande vya kubana vimekaa ndani, kwa hiyo maji yakiingia hayana haraka ya kutoka. Nikataka kuona kwa macho. Zilipofungwa tena nilimwaga maji kwenye gurudumu la kushoto peke yake, nikaendesha, nikafunga breki, gari likavuta kulia. Nikasubiri likauke, nikamwaga kulia, likavuta kushoto. Nilirudia na kurudia mpaka Fundi akaniuliza kama petroli nachota ziwani.

Tulikuwa na njia mbili. Tungeweza kuweka vipande vipya ndani ya drami zilezile, gari likabaki ulivyoliacha, zuri juani na la kubahatisha kwenye maji. Au tungeweka diski mbele, ambazo zimekaa wazi zinapigwa na upepo na maji yanaruka yenyewe, pamoja na busta ya kuusaidia mguu. Zilikuwa kwenye pikapu mpya kidogo ya aina ileile, iliyogongwa nyuma na kuachwa kwa wauza vyuma chakavu. Fundi alizisifu kwamba zinashika haraka sana. Hilo haraka ndilo lililonitia woga. Mimi huku nyuma sibebi mawe, nabeba watu.

Nikaamua kuwauliza akina mama wenyewe, nikawatajia na ile mikanyago miwili. Mama Atieno, yule uliyekuwa ukimsubiri hata akichelewa, aliweka karai lake chini akacheka mpaka wenzake wakaja kuona kuna nini. Akasema, "Ai nyathina, mwanangu, hiyo ya kwanza ilikuwa yetu. Ya pili ndio ilikuwa ya gari!"

Alinieleza, Baba. Kwamba zamani alikuwa mjamzito, amekaa nyuma, ng'ombe akaingia barabarani ukafunga breki ghafla, naye akaangukia makarai. Mtoto alizaliwa salama. Lakini kuanzia safari iliyofuata, kabla ya kusimama ulikuwa unagusa breki kidogo, nao wakajua hapo ndipo pa kushika makarai na kushikana. "Mzee pole hakusema," Mama Atieno aliniambia. "Alianza tu kugusa hiyo breki." Nilikaa kwenye kreti tupu nikatazama mguu wangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nazungumza na watu bila kujua.

Basi nikaona naweza kuamua. Nikamwambia Fundi afunge diski, lakini sitalipokea gari mpaka nihakikishe kwamba ile ya kwanza inawezekana. Tulienda kwenye murram nyuma ya kanisa na karai la maji. Fundi akakaa nyuma akilishikilia. Mkanyago wa kwanza, karai zima likamwishia kifuani. Busta ile haitaki mguu wako mzito, Baba, inataka kuguswa tu. Alilowa mara nyingi sana siku hiyo na akanitukana kwa Kikuyu, lugha ambayo namshukuru Mungu siielewi. Jioni maji yakatikisika yakabaki ndani. Kesho yake akina mama walipanda, wakashika pale panapostahili kushikwa. Mama Atieno alishuka akasema, "Iko sawa. Lakini wewe endesha polepole kuliko babako," na ninaamini amesema kweli.

Fundi aliniuliza drami zako aziweke wapi. Nilizibeba mwenyewe hadi kwenye mizani ya muuza vyuma, na nikalia pale mbele ya watu. Sikutegemea. Ulizifungua na kuzifunga kwa mikono yako kila baada ya mvua, na mimi nikaziacha pale. Iliniuma, Baba, na bado inaniuma, na kama ningerudishwa kwenye siku ile ningefanya vilevile.

Nilirudi Kaloleni, tunakoishi kule Kisumu, nikamwambia Mama kila kitu, maji, karai, ng'ombe na ujauzito wa Mama Atieno. Hakunigombeza. Alikunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa. Kisha akasema, "Nimekaa mbele na yeye miaka yote. Mimi hakuniambia." Akaingia chumbani. Nilidhani nimeharibu. Akatoka amevaa viatu vya kanisani, akapita mbele yangu, akafungua mlango wa Nyar Asembo akakaa. "Wadhi," akasema, twende.

Sasa naandika karatasi ikiwa juu ya boneti, hapa nyumbani Rarieda. Mama yuko kaburini kwako anang'oa nyasi na kukusema. Namsikia anakuuliza mambo mengi, mengine hayahusu gari kabisa, na sauti yake si ya hasira. Nimekaa mbali ili awe huru.

Lala, Baba. Kitu kingine kwenye gari hili kikichoka nitakibadilisha, na nitakuwa na huzuni, na nitakibadilisha hivyohivyo. Kila aliyepanda nitamfikisha. Mama naye nitamleta kwako kila atakaponiambia, na leo sitamharakisha, amalize kukuuliza.

Binti yako,
Achieng