Kilichopelekwa Mashindanoni Sicho Anachodungwa Mgonjwa

Mshauri mpendwa, nishike mkono, maana nikiendelea kukaa kimya nitarukwa na akili. Mimi ni fundi katika maabara inayotengeneza peptidi, yaani vipande vifupi vya protini tunavyoviunga kiungo kimoja kimoja kama shanga, na kiungo kimoja kikiruka basi mnyororo huo ni uchafu wa kuondolewa, na mkuu wetu ni mama mdogo wangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Mwaka huu maabara kadhaa ziliambiwa zitengeneze peptidi ile ile zilinganishwe ubora, kila moja ipeleke kazi yake ya kawaida, lakini mama mdogo akaniambia tusafishe yetu mara tatu wakati kawaida yetu ni mara moja, nikamuuliza kulikoni, akacheka, "Mgeni humpi kikombe chenye ufa, mwanangu." Tukawa wa kwanza, vigelegele vikapigwa, hospitali ikatuchagua tuitengenezee dawa ya majaribio kwa wagonjwa, nayo tunaisafisha mara moja tu kwa sababu ukirudiarudia dawa hupungua hadi hakibaki kitu, ila kwenye chupa tunabandika kipimo cha usafi cha ile ya mashindano. Wiki iliyopita walidungwa, wawili wakavimba uso na baba mmoja akafariki, madaktari wanasema ni ugonjwa wake, lakini nimepima unga wa dawa uliobaki na uchafu niliouona humo umeninyima usingizi. Nilipomwonyesha mama mdogo hakufoka, alikaa chini akasema, "Ukifungua mdomo, unamzika mama yako mara ya pili." Jumatatu wanadungwa tena. Nampenda na ninamwogopa. Nifanye nini?

Binti wa Maabara

Binti, pole. Jibu hili nimekutumia kwenye simu kabla ya kulipeleka gazetini, maana Jumatatu haisubiri mtambo wa kuchapa.

Sasa nisikilize. Unaniandikia mimi, ambaye sijui hata peptidi inanukaje, wakati namba ya daktari anayewadunga unayo? Huenda uchafu wenu haukumuua yule baba. Wewe hujui, mimi sijui, na daktari hawezi kujua kwa sababu mmemdanganya kwenye chupa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nyinyi mmeficha yenu na kifo kimempata mtu baki, aliyenyoosha mkono wake kwa kuwaamini.

Na hilo la kumzika mama yako mara ya pili, limenichoma. Mtu aliyekulea hana ruhusa ya kulitumia kaburi la mama yako kukuziba mdomo. Kukulea ni deni la heshima. Si deni la maisha ya watu.

Mpigie daktari sasa hivi, mwambie asimdunge mtu yeyote, na umweleze mlichobandika. Unga uliobaki ufungie kwenye friza na ufunguo ukae kwako. Ukishamaliza, nenda kwa mama mdogo ukamwambie mwenyewe, uso kwa uso, wala usimwombe ruhusa. Atalia, pengine atakufukuza nyumbani. Kazi mtaipoteza wote wawili, nawe jiandae kuulizwa maswali, kwa sababu lebo zile ulizibandika kwa mikono yako.

Akikususia, atakususia akiwa hai, na aliye hai unaweza kumrudia kumwangukia miguuni. Yule baba hamtamwangukia tena.