Saani ya Mama Iko pa Mulango

Dimanche, tarehe 2 mwezi wa tatu 2025

Jambo, kayé, daftari yangu. Minyi nilizoea kuandika barua tu, na kuandika bila salamu ni kama kuingia mu nyumba ya bantu bila kubisha. Basi nasalimia. Jambo Kabuya, bwana yangu, unasinzia pa kiti na radio inaongea yenyewe. Jambo Mbombo, mutoto yangu mukubwa, kichwa imesukwa nusu. Jambo Mukuna na kikohozi yako. Jambo Tshala kadogo — ukojoe mbele ya kulala! Jambo kuku ile moja inabakia. Jambo kitanda ya mama mu chumba ya nyuma.

Mama haiko mule. Njo maana nilitafuta kayé. Hii mambo siwezi kuambia muntu.

Tulimupeleka ku nyumba ya bazee, kule njia ya base ya askari, kwa ba masera, watawa wa kanisa. Kichwa yake imepotea. Hapo mbele ya Noël alitoka mu douche bila hata kikwembe ya kujifunga, akasimama katikati ya kiwanja, na Kabuya anaingia na velo, baiskeli yake. Mukwe yake! Sisi bantu ya Kasai tunajua hii kintu. Miaka yote tuko pamoja, Kabuya hakukula mbele ya mama, mama hakukula mbele ya Kabuya. Mama akisikia kikohozi ya Kabuya tu, anajifunika, anageukia ukuta. Na sasa hivi! Kabuya alitupa velo, akakimbia, akalala kwa ndugu yake. Alileta mbuzi ya kuomba musamaha kwa bukwe, ile heshima ya mukwe na mama-mukwe. Kiisha mama akatoka tena vile vile. Kabuya anasema: Mama Mbombo, tutamaliza mbuzi yote ya muji wetu Kamina. Nilicheka. Kiisha nililia.

Leo nilienda kumuona. Kuko safi. Sakafu ya sima imepigwa maji, bitanda bimepangwa. Kuko kijana moja anachunga bazee, Bokungu, mutoto ya askari wa base, baba yake wa Équateur, mbali sana na Kasai. Muntu ya kicheko! Bazee wanaume anawaita mon colonel. Aliingia na saani, akapiga kelele: Jambo, mukwe wangu! Ulisema utanipa binti, iko wapi? Minyi nikajibu: iko hapa, lakini amezeeka! Tulicheka sana. Mama aligeuka, akafunika kichwa. Nilifikiri anasikia haya tu.

Hapa banamuchunga muzuri. Nitalala.

Mercredi, tarehe 5

Leo ni Mercredi ya Majivu. Masera alipaka bazee bote pa uso. Mama iko na musalaba mweusi pa paji, na chini ya ile musalaba macho imeingia ndani. Amekonda! Nilishika mukono — mufupa na ngozi. Niliuliza. Bokungu anasema: mukwe wangu anakataa kula, anafunga kinywa. Ameshusha uso. Anasema anangoja na saani mpaka bukari ya unga inapoa, inakuwa jiwe.

Nilikuwa na bukari yetu na samaki kidogo ya Kinkondja. Nikakata, nikamupa. Alikula! Alikula kama mutoto ametoka masomo. Alilamba bidole. Sasa nani anakataa kula?

Yule mama wa kitanda ya pembeni, mama Ngondo, hana miguu lakini ana macho. Bokungu alipotoka, aliniambia polepole: weye binti, angalia mikono ya mama yako. Nikavuta kikwembe. Pa mikono kuko alama, nyekundu, ya kamba. Mama Ngondo anasema banamufunga pa kitanda wakati ya kumunawisha, sababu anapiga, anakwaruza, anauma. Na mugongo — sikuona yote, ilikuwa na pamba. Inanuka.

Mungu wangu.

Nilienda kwa masera Léonie, mukubwa ya nyumba. Sikusalimia hata. Nilisema: mama yangu iko mbwa? Masera aliketi. Hakukasirika. Anasema wanawake wa kunawisha waliondoka, mushahara haikuja. Kumebaki Bokungu na muzee moja wa kupika. Mama yako anamukataa mwanaume, tufanye je? Tumuache mu mavi? Nilitoka.

Sikuambia Kabuya kamba. Ataniuliza sasa tufanye nini.

Samedi, tarehe 8

Siku ya wanawake: banatembea leo na bikwembe vipya, fanfare inapiga matarumbeta mpaka ku gare ya treni. Mbombo alitaka tuende wote. Nilimupa Tshala, nikasema nendeni, mama iko na kazi.

Nilifika saa ya chakula. Sikuingia. Nilisimama nyuma ya pazia ya mulango, kama mwizi. Nilitaka kuona banafanya nini wakati sisi ndugu hatuko.

Bokungu aliingia na saani. Polepole, na kicheko yake. Alisema: Jambo, mukwe wangu, njo minyi!

Na mama — sijue namna ya kuandika. Mama alivuta kikwembe juu ya kichwa mbio, mbio. Akageukia ukuta. Akapiga makofi kidogo, ile ya heshima, kama mama anavyofanyaka wakati Kabuya anapita. Nikasikia anasema kwa Tshiluba, luga yetu ya Kasai: pita, mwana, pita, sina nguo. Bokungu hasikie Tshiluba. Alileta kijiko pa kinywa. Mama akafunga kinywa. Akamusukuma. Mama alikuwa analia, na Bokungu anasema kwa upole: kidogo tu, mukwe wangu, kidogo tu.

Kila mara anasema lile neno, mama anajifunika zaidi.

Haya! Si njaa anakataa! Si mwanaume! Anakataa kula mbele ya mukwe. Anakataa mukwe amuone uchi. Na yule kijana, kila asubui, anamuambia: minyi njo mukwe. Kiisha anamuvua nguo. Kiisha kamba.

Na minyi nilisimama pale, nikajibu binti iko hapa. Nilicheka!

Niliingia. Nilimuvuta Bokungu inje, nikamuelezea yote, bukwe, Kabuya, ile siku ya douche. Alisikiliza na saani mu mukono. Kwao anasema mukwe ni muntu ya kucheka naye, ya kumupa zawadi. Hata mama ya rafiki banamuitaka hivi, ni kumupenda. Kiisha aliketi chini pa sima, mwanaume muzima. Anasema: mama, minyi nilikuwa nafikiri anacheza na minyi. Akaniuliza: basi nilimufunga bure?

Nilitwaa saani mu mukono yake.

Nilisema usimuite tena hivi. Umuite jina yake, mama Kabedi.

Lundi, tarehe 10

Haisaidie. Bokungu alimuita mama Kabedi, mama Kabedi, na yeye anajifunika tu. Mu kichwa yake sasa Bokungu njo Kabuya. Njo mukwe. Kwisha. Neno lilitoka, haliwezi kurudi.

Lakini Bokungu amefanya kitu. Anakohoa mbali, kule mu couloir, inje ya chumba. Anaweka saani chini pa mulango. Kiisha anageuka, anasimama na mugongo, hivi, uso inje. Nani alimufundisha? Anasema: mama, ulinielezea bwana yako anasimamaka namna gani. Mama alishuka pa kitanda kwa matako, akajivuta, akakula pale chini. Saani yote. Bokungu alisimama mpaka mwisho. Nzi pa shingo yake, hakupiga.

Kula, sawa. Kunawa je? Nilimunawisha leo minyi. Nikaondoa pamba pa mugongo. Kidonda ni kubwa sawa na kikombe. Nyama yake inaonekana. Mama hakulia hata. Alinishika kidole, akaniuliza kama Kabuya amepita.

Na mvua, na njia ya base, na mama Tshilumba wa soko anachunga meza yangu ya samaki kwa kunung'unika. Siwezi kufika kila siku. Niliomba masera nimurudishe nyumbani mpaka apone. Nilipofika nilimuambia Kabuya. Hakupiga kelele. Alisema: Mama Mbombo, ni mama yako, nyumba ni yake. Lakini minyi nitalala wapi? Ndugu yangu ana watoto saba mu vyumba viwili. Akatoka. Alipita nyuma ya nyumba, kule alikuwa anapitaka wakati mama iko, asikutane naye pa kiwanja. Chumba ya mama haina muntu, lakini alipita nyuma.

Masera alinitumia habari: kesho ba commission, wakaguzi, banakuja kuangalia nyumba ya bazee. Watauliza ba famille, ndugu ya bazee. Alisema tu: Mama Mbombo, ukisema kamba, watafunga nyumba. Bale bazee bengine haiko na binti.

Mardi, tarehe 11

Naandika nimekaa pa banc, mu couloir. Ba commission wangali hapa.

Walikuja na gari nyeupe, mwanamke moja na wanaume wawili. Waliona sima, waliona bitanda. Bokungu amevaa shati ya bluu, imepigwa pasi. Mu chumba ya mama, mwanaume moja alisema tumuangalie mugongo. Mama akafunika kichwa. Nilisema hapana, wanaume wote inje! Nilipiga kelele, hata minyi nilishangaa. Walitoka. Tukabakia wanawake. Nikafungua pamba.

Ule mwanamke alishika pua. Kiisha akaondoa mukono, sababu ya haya. Ana macho ya muntu. Akaniuliza: mama, usiogope. Hapa banamuchunga muzuri ao mubaya?

Mama Ngondo ananiangalia kutoka kitanda yake. Yeye haiko na binti.

Pa dirisha nikaona Bokungu. Saa ya chakula imefika, na hata commission iko, ameweka saani pa mulango. Amesimama na mugongo. Ni yeye alimufunga. Ni yeye anasimama hivi. Wakiandika mubaya, yeye njo wa kwanza kufukuzwa, na mama atatoka leo, na hii mugongo, na kwangu hakuna pa kumuepuka mukwe. Wakiandika muzuri, watapanda gari, na kamba iko bado chini ya kitanda. Niliiona.

Nilisema: unipe dakika, madame, nitoke kidogo. Amesema sawa, lakini mbio, tuna nyumba ingine.

Nimetuma habari kwa yaya yangu Bitota, dada yangu mukubwa, kule Kolwezi. Yeye ni mujane, kwake haiko mukwe. Niliandika hivi, nikaanza na moyo, salamu yetu ya Kasai: Yaya Bitota, moyo wako, moyo ya batoto wako bote. Mama iko na kidonda. Utamupokea ao hapana? Usiulize mambo mingi. Bananingojea niseme. Jibu mbio.

Simu iko pa magoti. Mulango umefunguka. Mama amekuja kwa matako mpaka pa saani, anakula, na Bokungu hageuke. Madame ananiita.

Jibu, yaya. Jibu mbio.