Dawa ya Paka Machoni mwa Mama Mkwe

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie na naomba usinicheke, maana jambo lenyewe lilianza na paka na sasa limefika mahali ambapo hata sijui niliite jina gani.

Mimi kazi yangu ni kupiga pasi katika duka la dobi, na nyuma ya duka letu kuna bomba linalotoa mvuke, na hapo ndipo nilipomkuta, wiki tatu zilizopita, nikiwa nimetoka kuanika mashuka, paka wa barabarani amejilaza penye joto, amekonda mbavu zinahesabika, pua imeziba, macho yote mawili yamegandishwa na usaha, na mimi sijawahi kuwa mtu wa paka, kwetu tuliwafukuza kwa ufagio, lakini huyu nilipopiga mguu chini hakukimbia, aligeuza tu kichwa kutafuta sauti imetoka wapi, moyo ukanichoma, nikamtia kwenye foronya ambayo mwenyewe hajaifuata tangu mwaka jana, nikamkumbatia mpaka kwa daktari wa mifugo. Daktari akanipa dawa ya kifua na tyubu ya dawa ya macho, akasema, "Kiasi cha punje ya mchele kila jicho, asubuhi na jioni. Hii itakutosha wiki mbili na itabaki."

Nyumbani hakuna aliyefurahi. Mume wangu ni fundi wa mafriji, mtu mpole, lakini alipiga chafya tatu mfululizo akasema paka akishapona aondoke. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi tangu baba mkwe alipofariki, mwaka wa pili huu, yeye aliuliza tu, "Huyo kunguni umemwokota wapi?" akaingia chumbani kwake. Nikamwekea mgonjwa wangu boksi stoo, karibu na ndoo.

Mshauri, nikwambie ukweli, mimi na mama hatugombani ila hatuna maneno. Nikitoka kazini nampungia mkono toka ng'ambo ya barabara, yuko pale kibarazani, ananitazama kama anatazama ukuta. Chai anaimimina nje ya kikombe halafu analaumu vikombe vyangu. Zamani alikuwa anatushonea vifungo, siku hizi anasema nyuzi za sasa hazina maana. Mimi nilijua ni dharau, nikajiambia sawa, mkwe ni mkwe, nikanyamaza.

Sasa ile dawa, siku ya sita tyubu ikawa imekwisha, imebanwa mpaka imekunjamana. Nikamuuliza mume wangu kama ameigusa, akanijibu, "Kwani mimi nina macho ya paka?" Nikarudi kwa daktari, akanitazama kana kwamba naipaka kwenye mkate, akanipa nyingine. Na hiyo nayo ikaanza kupungua, nikaanza kujishuku mwenyewe, nikafikiri labda napaka halafu nasahau nimepaka, ninapaka tena.

Jumanne umeme ukakatika kazini, tukaruhusiwa mchana. Nilipofika nyumbani nikasikia mtu anaongea stoo. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mama amekaa chini sakafuni, amenyoosha miguu, paka kalala mapajani pake, na anazungumza naye kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuisikia ndani ya nyumba ile, sauti ya mtu na shoga yake.

"Wewe ukipona na mimi nitapona, dawa yetu si moja?" alimwambia. "Ila funga mdomo. Wakijua sioni, mwanangu atanipeleka kwa mdogo wake, na kule ni ghorofa ya nne, nitashukaje mimi? Hapa angalau mlango naujua. Na huyu mkewe ana mkono mzuri, hata shuka analotandika unajua limetandikwa na mtu."

Halafu akaminya tyubu, akavuta ukope wa chini, akajipaka jichoni.

Nilirudi nyuma kwa ncha za vidole kama mwizi, nikatoka nje, nikasimama, kisha nikaingia upya nikiburuta kiti kwa kelele. Mama akatoka anapapasa ukuta, akasema, "Huyo mdudu wako bado hajafa?"

Nikasema, "Bado, mama." Basi.

Sasa nimechanganyikiwa. Nikisema, atajua nilimsikiliza mlangoni na aibu itamuua. Nikinyamaza, macho yake yameanza kuwa mekundu na ya paka yamefunguka. Nikimwambia mume wangu, pengine kweli ataona bora aende kwa mdogo wake. Nikificha dawa, mama hataweza kuuliza imekwenda wapi, atabaki kimya na maumivu yake. Na Jumamosi ijayo kuna mtu anakuja kumchukua paka, mume wangu kashaahidi, mimi nilikuwa nimekubali, lakini sasa najiuliza, akiondoka, mama ataongea na nani? Na kwa nini mimi nalia jikoni, nalia kwa huruma au nalia kwa sababu alinisifu? Sijui hata ninachokuomba.

Mpiga Pasi

*

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wanisamehe, hii sikungoja gazeti. Ulikuwa umeacha namba, nikakupigia siku ileile barua iliponifika, nikakuambia jambo moja tu: tyubu itoke stoo sasa hivi, uiweke kwenye mkoba wako. Dawa ya mnyama si ya kujitibia mtu, na daktari wa macho atataka kuiona ajue mama amejipaka nini. Mimi si daktari. Wewe pia si daktari, na paka naye si daktari.

Mengine nayasema hapa. Una moyo mzuri, hilo nakupa. Ulimwona paka anageuza kichwa kutafuta sauti, ukajua papo hapo kwamba haoni. Mama wa watu amemimina chai mezani mwaka mzima, ukaita dharau! Na toka Jumanne unatafuta karatasi na kalamu wakati mtu anajichoma macho chumba cha pili. Nakuonea huruma, lakini hapo nakugombeza.

Usizunguke. Kaa naye chini, palepale sakafuni, mwambie, "Mama, nilikusikia. Nilikosa kusimama mlangoni, nisamehe. Kesho twende ukapimwe macho." Atakuja juu. Mwache aje juu. Mficha maradhi akifichuliwa huanza kwa kumtukana aliyemfichua. Usimjibu, na usimwambie kwamba alikusifu, hilo libaki lako.

Halafu siku hiyohiyo mwambie mume wako, kwa kuwa ni mama yake kabla hajawa mkwe wako. Usimuulize mama atakaa wapi. Mwambie: "Mama haondoki hapa." Mtu aliyeanza kupoteza nuru hahamishwi nyumba anayoijua kwa mikono. Na yule anayekuja Jumamosi apigiwe simu asije. Mume wako atapiga chafya? Apige. Paka asiingie chumbani kwenu, na nguo za mume zipige pasi wewe mwenyewe, mbali na manyoya. Kuna ndoa zimevumilia makubwa kuliko chafya.

Unaniuliza unalia nini. Unalia yote mawili, na hakuna ubaya.

Gazeti likiwa karibu kwenda mtamboni, na wewe hata hujasoma haya, ujumbe wako umenifika, nauweka kama ulivyo: "Nimemwambia. Amenifokea, amekataa kula, amesema mimi ni mpelelezi. Mume wangu alimpigia simu mdogo wake akamwambia mama habanduki kwetu. Leo asubuhi nimemkuta mama amevaa viatu, amekaa mlangoni na mkoba mapajani. Ananiuliza, 'Sasa hiyo hospitali inakuja yenyewe?'"

Haya, acha kuniandikia. Mshike mkono, mwende.