Nguzo ya Ishirini na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kaniruhusu kukimbia! Niliruka pale pale kitini. Akasema, nimesema kukimbia, sijasema kuruka. Nimonia imekwisha, mapafu yanajitahidi, moyo hauna neno. Sharti moja tu: nikiwa nakimbia niweze kuongea. Nikishindwa kuongea, nitembee. Mume wangu akauliza, aongee nini? Chochote, daktari akasema. Mume wangu akasema basi hapo hakuna tatizo, huyu hata kwenye mashine ya oksijeni alikuwa anaongea. Uongo mtupu! Siku kumi na tisa nililala kama gogo, sikumjua yeye wala jina langu.

Jioni nikaanza kutafuta raba zangu. Zile za kamba za kijani, nilizozishonea uzi mwekundu kwa ndani zisije zikaibiwa. Chini ya kitanda, hakuna. Nyuma ya cherehani, hakuna. Nikamuuliza mume wangu. Raba? Raba zipi? — akaangalia dari. Mtu huyu katengeneza majokofu ya watu miaka kumi na tano, akidanganya huangalia juu kama kuna kitu kinavuja. Nikamuuliza mama mkwe. Naye akaangalia dari. Nikaangalia na mimi. Hakuna kitu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekimbia! Kwa kandambili za mama mkwe, lakini nimekimbia!

Toka getini kwetu mpaka tangi la maji ni nguzo za umeme ishirini na nne. Zamani nilikuwa nakwenda na kurudi mara tatu kabla ya chai. Leo: nguzo mbili. Halafu nikainama barabarani natafuta pumzi kama mtu aliyedondosha sindano.

Mama mkwe alinisindikiza getini na methali yake: mwenda pole hajikwai. Nimekwenda pole. Nimejikwaa. Kandambili moja iko mtaroni.

Ila kuna jambo nimeharibu. Daktari kasema niongee, sasa mtu uko peke yako barabarani unaongea nini? Kichwa kitupu. Kilichokuja ni vipimo vya wateja, maana ndivyo ninavyovijua kwa moyo. Basi nikawa naita kwa sauti: Mwalimu mkuu, kifua arobaini na nne! Mhasibu, mguu mmoja mfupi! Mama wa duka la kona, nyonga hamsini na sita, anataka zionekane hamsini! Namaliza tu, nikainua macho. Niko mbele ya duka la kona. Na foleni ilikuwepo.

Jumatano, 5 Machi

Mama wa duka kaja kuchukua kitambaa chake. Anasema anahamia kwa fundi asiyekimbia.

Alhamisi, 6 Machi

Nguzo tano. Leo nimetaja dawa zote nilizomeza hospitali. Hizo hazina mwenyewe wa kununa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimezipata raba zangu!

Nilikwenda kwa wifi kumpelekea gauni lake. Wifi ni dada yake mume wangu, anakaa mtaa wa nyuma, karani wa mahakama, mama mnene mwenye heshima zake ambaye hajawahi kukimbia hata mvua. Nikapita uani. Na pale kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashuka mawili — kamba za kijani! Nikageuza ndani. Uzi mwekundu. Na mbele zimekatwa! Kwa kisu! Matundu mawili makubwa, vidole vitokee nje. Raba zangu zimegeuzwa makubazi!

Damu ikanipanda. Nikamwambia, wifi, kufa kufaana, sawa, lakini mimi sijafa! Akaziangalia zile raba. Akaniangalia mimi. Akasema, ngoja nikutilie chai. Nikasema chai yako siitaki. Nikanywa vikombe viwili huku nimenuna, nikaondoka bila kuaga.

Nyumbani nimemnunia mume wangu. Tena yeye ndiye hasa. Raba hazikutoka na miguu yao, kuna mtu kazitoa. Na hutoi viatu vya mtu ambaye unamsubiri arudi. Hilo ndilo linaloniuma, siyo raba.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kashindwa kuvumilia. Kaweka kisu chini, vitunguu vikabaki hivyo hivyo, kasema yote.

Siku madaktari walipowaambia wajiandae, mume wangu alirudi nyumbani akazikuta raba zangu pale mlangoni. Akakaa sakafuni nazo mpaka kukapambazuka. Asubuhi akampelekea dada yake: zichome, zivae, zifanye utakavyo, mimi nisizione tu. Wifi hakuzichoma. Alitaka kuzivaa, zikamkataa, akachukua kisu. Akakimbia barabara yangu mpaka kwenye tangi, sijui alifikaje, akamwambia Mungu: nitakuja hapa kila siku nikikimbia, sitaacha hata siku moja, mpaka huyu afike hapa kwa miguu yake mwenyewe, akikimbia.

Tangu tarehe mbili Desemba! Siku tisini na nane! Hutoka saa kumi na moja alfajiri, watu wa mahakamani wasimwone. Na anachukia kukimbia kuliko kitu chochote duniani. Mama mkwe anasema magoti yamevimba, kila siku anayakanda kwa maji ya moto na kutukana. Wamemwambia aache, si mgonjwa karudi nyumbani? Ng'o. Anasema mkataba haukuandikwa "nyumbani". Uliandikwa "tangi". Karani ni karani, hata mbele ya Mungu haruki kifungu.

Nikalia. Halafu nikamfikiria wifi na vidole vile vinatangulia mbele gizani, nikacheka. Halafu nikalia tena. Mume wangu akaja akakaa kando yangu, akaangalia dari. Nikamwambia, dari liko zima, halivuji. Akacheka. Halafu akalia yeye. Mama mkwe akatufukuza wote wawili jikoni, anasema tunamzidishia chumvi.

Jumanne, 11 Machi

Mume wangu kaninunulia raba mpya. Alinipima mguu kwa shubiri nikiwa nimelala, eti iwe siri. Namba arobaini na tatu! Mimi navaa thelathini na tisa. Ndani ya nyumba ya fundi wa vipimo! Nimejaza vipande vya kitambaa cha sare za shule kule mbele, nikamshukuru.

Nguzo tisa.

Ijumaa, 14 Machi

Sasa tunakimbia wawili, mimi na wifi. Mimi miguu inaogelea ndani ya viatu, yeye vidole viko nje vinapunga hewa. Mbwa wa jirani katuona, kaacha kubweka.

Wifi hawezi kuongea akikimbia, kwa hiyo naongea kwa niaba ya wote wawili. Nikamuuliza, mkataba ukiisha utafanya nini? Kahema nguzo nzima kabla ya kujibu. Nitalala, kasema. Mpaka saa tatu. Hata nyumba iungue.

Mama wa duka alisimama mlangoni akapaza sauti: fundi, na nyonga za huyo mwenzako zitaje basi, tusikie wote! Wifi akasema neno moja tu, thubutu. Nguzo nzima sikuongea kwa kicheko. Nadhani hiyo haihesabiki.

Nguzo kumi na nne!

Alhamisi, 20 Machi

Nguzo ishirini na tatu. Ishirini na tatu! Tangi lile pale, naiona hadi kutu yake.

Nikasimama. Nikamwambia: hapana wifi, leo basi, pumzi imeniishia kabisa, haya mapafu nayajua mwenyewe, tusimchokoze shetani, turudi nyumbani tukapumzike, na kesho Mungu akipenda tutajaribu tena.

Yote hayo bila kumeza mate.

Wifi kanitazama. Miaka ishirini mahakamani, kasikiliza waongo wa kila saizi. Akasema tu, haya, kesho. Akaenda mwenyewe mpaka kwenye tangi, akaligusa, akarudi anachechemea.

Ijumaa, 21 Machi

Leo pia nguzo ishirini na tatu. Nimesema kamba ya kiatu.

Haya, niandike ukweli, si hapa hasomi mtu. Pumzi ninayo. Kamba ilikuwa imefungwa. Naogopa. Siku mia na kumi huyu mwanamke anakimbia, na siku mia na kumi mimi nipo. Walisema siamki, nikaamka. Walisema sitembei, nikatembea. Sasa nimwambie aache? Kuna mtu anakata uzi kabla ya kufunga fundo? Nguo yote inafumuka! Najua ni upuuzi. Daktari ndiye aliyenitibu, na sindano nimechomwa mpaka nikakosa pa kukalia. Najua. Lakini nikifika kwenye ile nguzo ya mwisho miguu inagoma.

Jioni mume wangu kaniambia dada yake leo kashuka ngazi za mahakama kinyumenyume. Goti la kushoto halikunji tena. Kaambiwa na wenzake akapigwe picha, kasema bado kidogo. Bado kidogo! Ananisubiri mimi, na mimi nacheza na kamba ya kiatu.

Nikamuuliza mume wangu, hivi dada yako kajua kwamba nadanganya? Akaangalia dari.

Jumamosi, 22 Machi

Saa kumi na moja na nusu. Wifi keshafika, yuko nje ya mlango. Kaja na fimbo! Mtu wa mbio na fimbo!

Kauliza kama niko tayari. Nikasema natafuta soksi. Kasema kaniona dirishani, soksi nimevaa, viatu nimevaa, nimekaa na daftari. Macho ya karani! Nikasema naandika kitu kidogo.

Kaegemea fimbo yake. Halafu akasema kwa chini, kama anaongea na mlango: hata yeye hana haraka. Kwamba goti linauma, sawa, lakini kila alfajiri akipita hapa husimama kwanza chini ya dirisha letu asikilize kama nakohoa au nimelala vizuri. Mkataba ukiisha, atapata kisingizio gani cha kuja kusimama dirishani kwa watu saa kumi na moja?

Sikujua la kumjibu. Mimi! Na hata sijaanza kukimbia. Kwa sheria ya daktari hapa ninatakiwa nitembee.

Mama mkwe kapiga kelele kutoka chumbani: ama mkimbie ama mlale, nyumba hii ina watu!

Mlango wetu haufiki chini. Naviona vidole vya wifi kwa pale chini, vyote kumi, vimejipanga vinangoja. Vya kulia vinapigapiga sakafu. Vya kushoto vimetulia, maskini.

Nimemwambia, wifi, kesho uje kusikiliza hivyo hivyo. Njoo saa tatu, ukishaamka. Kikohozi nitakuwekea.

Naona vidole vimeacha kupigapiga.

Nimefunga kamba. Mafundo mawili mawili, kama mwisho wa mshono. Anauliza niko tayari au siko. Niko! Leo mpaka tangini.