Nimelala, Sijalazwa

Kentucky, 3 Februari

Twila mpenzi,

Hujambo, na wajukuu zangu hawajambo? Nakuandikia nikiwa kitandani hospitalini. Usishtuke. Niliteleza kwenye barafu nje ya kanisa, nyonga ikapata ufa. Usinipigie simu, masikio yangu unayajua. Nikitoka nitapelekwa nyumba ya matunzo nifundishwe kutembea, halafu nirudi kwangu. Bima ya serikali ya sisi wazee italipa. Si ndiyo niliyokatiwa mshahara maisha yangu yote? Chakula chao hakina chumvi hata kidogo.

Mama yako

Dayton, 7 Februari

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimempigia muuguzi, anasema hujalazwa. Nikamwuliza, "Kwani mama yangu amelala wapi, dada?" Akasema umelala, ila kwao wewe unaangaliwa tu, kama mgonjwa wa kuja na kurudi. Na bima hailipii nyumba ya matunzo mpaka mtu awe amelazwa rasmi siku tatu mfululizo. Nimeumia sana. Mbane daktari kabla hujatoka. Ikishindikana, tuuze nyumba, uje ukae kwetu.

Mwanao Twila

Kentucky, 11 Februari

Mwanangu,

Natumai mu wazima. Barua yako nimeisomea nyumbani, wameshaniruhusu. Habari hiyo niliipata hukohuko, nikamwambia daktari, "Kijana, mmenivua nguo, mmenivalisha gauni lisilo na mgongo, na bado sijalazwa?" Akaona haya. Akasema hali yangu haikufikia kiwango cha kulazwa, na siku zilizopita hazibadilishwi. Sikumgombeza, ni mtoto wa watu.

Bima itamleta mwalimu wa mazoezi hapa nyumbani, lakini siku ambazo haji anataka pawe na mtu wa kunishika nikitembea. Mtu mwenyewe hayupo. Jirani Oma hupita asubuhi tu, kisha nakaa kitini mpaka jioni. Naogopa, Twila, sikufichi. Ila huko siji. Nikiuza nyumba hii nitakuwa mgeni mpaka nife.

Mama yako

Dayton, 15 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua yako ilinikasirisha kutwa nzima, usiku nikalia. Miaka yote nakuomba uhamie kwetu, hujawahi kuniambia unaogopa. Nimezungumza na mume wangu, atabaki na watoto. Kazini wamenipa likizo isiyo na mshahara mpaka Aprili. Nitakushika mimi.

Barua hii usiijibu. Huenda nikafika kabla yake, nikaipokea mwenyewe kwa tarishi, mlangoni kwako.

Mwanao Twila